Seva ya Keko Imeacha Kuzima

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi kutoka Keko. Vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Seva yao imezima tena, na Fundi Klemensi kapiga simu na maneno yake yaleyale: "Mama Lusajo, Bibi kalala." Nikaacha printa ya watu imefunguliwa mezani hapa Kinondoni, nikabeba begi, nikavuka mji mzima kwenda kubonyeza kitufe.

Bibi ndilo jina walilompa. Kompyuta ya zamani, nzito, niliyoigeuza seva kwa mfumo wa Linux enzi hizo. Anakaa chumba cha mbele cha karakana, anatunza michoro yote ya milango na vitanda. Zuhura, binti anayechora, anachora kwenye laptopu na kuhifadhi kwa Bibi. Sele yuko chumba cha nyuma na mashine ya kuchonga, na mashine inasoma mchoro hukohuko kwa Bibi kadiri inavyochonga. Bibi akizima, mashine inakwama katikati ya ubao.

Na Bibi akizima, Klemensi hupiga ubao kwa nyundo yake ya mti, ko ko ko, wote wanaweka kazi chini na kutoka kwenye benchi la nje. Muuza kahawa anaitwa. Mihogo ya kuchoma inaagizwa. Nikifika nakuta nafasi yangu imeachwa, na kikombe changu. Hakuna anayeniharakisha. Imekuwa desturi sasa, hata wateja wanaijua, wengine wanakaa nasi.

Leo lakini ubao wa mninga umeharibika kabisa. Zuhura kakasirika. "Mama, mie nimechoka. Tuweke mashine mbili, moja ikifa nyingine inaendelea. Si kuna kile kitu, klasta?" Anajua nakijua. Klemensi akauliza, "Kwani hii ya sasa ina ubaya gani?" Wakaangua kicheko, Sele akamwinulia ule ubao aone.

Wamepata kazi ya milango ya kanisa moja kule Wazo. Si kazi ya kuchezea. Nimesema nitaifanya hiyo klasta. Sasa niko mezani naandika ukweli, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Sitaki. Bibi akiacha kuzima, mie Keko nitaenda kufanya nini?

Jumatano, 10 Septemba

Nimeanza. Nimekuta nilichokitegemea. Samba, programu inayowagawia mafaili, kwa jinsi ilivyokuja na Linux yetu haikujengwa na uwezo wa klasta. Haitoshi kuandika mstari kwenye mipangilio yake. Lazima nichukue msimbo wenyewe, niwashe kipengele hicho, niijenge upya tangu mwanzo.

Zamani nilikuwa naipenda kazi hii. Enzi za Baba Lusajo tulikuwaga na kibanda cha intaneti hapahapa Kinondoni. Programu zinakuja kwenye CD, CD inazunguka kwa mafundi mpaka inakwaruzika. Ukianza kuijenga programu unaiacha, unaenda kupika, unarudi, maandishi bado yanateremka kwenye kioo. Baba Lusajo alikuwa anakaa anayatazama kama mtu anayetazama mvua. Ukimuuliza anaangalia nini anasema anasubiri kosa.

Klemensi nilimjua kupitia yeye. Alikwenda Keko kuagiza kabati, akarudi na kabati na rafiki. Baba Lusajo alipofariki, Klemensi alifika msibani na mafundi wake wote, wakapanga viti, wakafunga turubai, wakakaa mpaka mwisho. Mkewe mwenyewe alikuwa ametangulia siku nyingi. Hatujawahi kuzungumza habari hizo. Tunazungumza seva.

Ijumaa, 12 Septemba

Imegoma. Inalalamika maktaba fulani haipo. Naipakua, inalalamika nyingine. Nayo naipakua, bando linakata. Jirani kafungulia singeli tangu asubuhi, dirisha linatetema. Nimemfokea mtoto aliyeleta simu ya mama yake kuwekwa kioo, hana kosa lolote. Nimemwita nikampa andazi.

Jioni ikakubali. Mistari ikateremka, ikateremka, ikafika mwisho bila kosa. Nikaiuliza programu yenyewe ina nini ndani yake, ikajibu kwamba klasta imo. Nikakaa kitako. Zamani ningepiga kelele, na mtu angetoka chumbani kuja kuona.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani leo akili haikuwepo. Mchungaji anahubiri, mie nalikumbuka benchi.

Pale ndipo tulipoanzia kumchangia Sele harusi. Bibi kazima, umeme nao unarudi na kukatika, hakuna la kufanya, Klemensi akasema basi tuzungumze jambo la maana, huyu kijana ana mchumba na anaona haya. Sele karibu aingie uvunguni mwa benchi. Mpaka Bibi anaamka, kamati ilishapatikana na mie nimeshafanywa mweka hazina bila kuulizwa.

Pale ndipo Zuhura alipotuambia mama yake kalazwa. Alikuwa kanyamaza nalo tangu juzi yake, anachora tu. Mashine iliposimama ndipo lilipomtoka, akalia, tukaenda wote hospitali na maranda kwenye nywele.

Na pale ndipo Klemensi aliponisimulia habari za kwao Masasi. Mjomba wake mchongaji alikuwa hamruhusu kushika patasi mpaka ajue kwanza kunusa mbao na kutaja mti. Walikuwa wanamfunga kitambaa machoni. Mninga, mkongo, mpingo, mvule. Akikosea anafagia. Alisema alifagia sana. Kuna siku nilimfunga leso yangu machoni, nikamletea vipande, akataja vyote, cha mwisho akasema, "Hiki si mti, ni mkono wa Mama Lusajo una harufu ya risasi ya kuchomea nyaya." Walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kahawa.

Seva nzuri isingezima siku zile. Na mie ndiye ninayeileta.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeiweka. Mashine mbili, zote za mtumba lakini zina afya. Moja chumba cha mbele kwa Zuhura, moja chumba cha nyuma kwa Sele. Kila moja kwenye mita yake ya luku, ili uniti za upande mmoja zikiisha upande wa pili usiguswe. Hilo nimejisifia. Waya wa mtandao nimeupitisha kwenye korido, juu ya fremu ya mlango, unaziunganisha. Mchoro ukihifadhiwa kwenye moja unaandikwa kwenye zote mbili saa hiyohiyo. Kwa nje zinaonekana seva moja, jina moja, anwani moja.

Bibi nimemzima kwa heshima na kumsogeza pembeni. Zuhura kamfunika kitambaa.

Likaja jaribio. Sele kaanza kuchonga ua kwenye kipande cha mbao ya kawaida. Nikachomoa mashine ya mbele kwenye umeme, hivihivi, bila kuiaga. Kisu kidogo cha mashine kikaendelea, kikazunguka ua, kikamaliza. Hakikusita hata kidogo. Zuhura kapiga vigelegele, Sele kanibeba juu, mtu mzima na kilo zangu.

Klemensi alikuwa ameshashika nyundo yake. Mazoea tu, kaona nimechomoa. Akabaki ameishika, hana pa kuipiga. Halafu akairudisha msumarini na kusema, "Hongera, Mama Lusajo. Kazi safi." Wakarudi kazini kila mtu. Muuza kahawa alipita, hakuna aliyemwita. Na mie nikaona haya kumwita kwa ajili yangu peke yangu, nikachukua begi.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuna simu.

Alhamisi, 18 Septemba

Hakuna simu. Bila shaka hakuna, nilifanya kazi nzuri. Mwanangu Lusajo kapiga kutoka Dodoma, kauliza mbona sauti yangu iko chini. Nikamwambia mafua. Nimetengeneza laptopu mbili na redio ya mzee wa jirani, ambaye hata hakuomba itengenezwe.

Naichukia hii klasta. Naiandika hapa iwe imeandikwa.

Jumamosi, 20 Septemba

Simu imekuja, na natamani isingekuja. Alikuwa Zuhura. "Mama, njoo. Mlango wa Wazo umeharibika."

Nimefika nikakuta wote wameizunguka mashine. Ubao wa mninga, bawa la kushoto la mlango wa kanisa, umelala kwenye mashine, umeanza kuchongwa mizabibu. Wazee wa kanisa walishakataa mizabibu tangu juzi. Walitaka samaki na mikate. Zuhura kachora samaki na mikate, kahifadhi asubuhi, kamwambia Sele mchoro uko tayari. Sele kaufungua mchoro wa jina lilelile, kaanza kuchonga. Ikatoka mizabibu.

Sele anaapa aliufungua uleule. Zuhura anaapa alihifadhi. Wote wawili wanasema kweli. Nilijua nilipoinua macho kwenye korido.

Asubuhi walikuwa wanatoa kabati la mteja. Kabati la milango minne, refu. Waya wangu uko juu ya fremu, unazuia. Watu waungwana hawa, hawakuukata, hawakuuvuta. Wakauchomoa taratibu, wakalitoa kabati, wakalipakia kwenye kirikuu, wakasimama kidogo na mteja, wakarudi, wakauchomeka palepale. Tena Sele alinionyesha kwa fahari jinsi walivyouchomeka vizuri.

Lakini muda ule waya ulipokuwa nje, mashine ya mbele ilimtafuta mwenzake ikamkosa, ikaamua kafa, ikajifanya ndiyo mkuu. Ya nyuma nayo hivyohivyo. Kila moja iko hai, ukuta mmoja katikati, na kila moja inaamini mwenzake kafa. Zuhura akahifadhi samaki kwa ya mbele. Waya uliporudi kila moja ikashikilia yake, na Sele akafungua mizabibu kwa ya nyuma. Hakuna mashine iliyosema neno.

Kuna kufuli linalozuia hilo. Maelekezo yanalitaja waziwazi. Sikuliweka, kwa sababu na mashine mbili lina usumbufu na nilitaka nimalize nitoke pale haraka kabla sijatokwa na machozi mbele za watu. Nimechemka. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Niliwaambia palepale kwamba kosa ni langu. Nikatamani Klemensi anifokee. Hakufoka. Alipitisha kiganja kwenye ubao, akakipima kina kwa kucha. Akasema mashine ilikuwa imepita mkondo wa kwanza tu, haijazama, ubao unaweza kupigwa randa. Lakini ukishapigwa randa unakuwa mwembamba kuliko mashine inavyoweza kuchonga kwa usalama. Ubao mwingine wa upana ule haupatikani wiki hii. Wazee wa kanisa wanakuja Alhamisi.

"Basi bawa hili nitalichonga kwa mkono," akasema. Sele akamtazama vidole, maana wote tunajua vidole vyake vinavyomsumbua siku hizi. Klemensi akamwambia atazame msasa.

Jumatatu, 22 Septemba

Keko tangu asubuhi mpaka giza lilipoingia.

Nimefanya nililopaswa kufanya mwanzo. Nimeongeza mashine ya tatu. Haibebi mchoro wowote, kazi yake ni ushahidi tu. Mashine mbili zikipotezana, kila moja inamuuliza shahidi: mwenzangu yuko wapi? Ile inayomwona shahidi inaendelea. Ile iliyobaki peke yake inajifunga na kukaa kimya mpaka waya urudi, hata kama inaamini iko sahihi. Na kufuli nimeliweka, upande mmoja tu unaweza kulishika kwa wakati mmoja. Shahidi nimemteua Bibi, hapohapo chumba cha mbele na betri yake ya akiba. Kazi nyepesi kama hiyo anaiweza. Zuhura kamwondolea kitambaa, kasema karibu tena kazini, Bibi.

Waya nimeutoa juu ya fremu. Sele katoboa ukuta, tumeupitisha ndani ya bomba la plastiki karibu na sakafu. Sasa wanaweza kutoa hata nyumba kwenye ile korido.

Klemensi alikuwa chumba hichohicho cha nyuma anachonga. Nilikuwa nimeisahau ile sauti. Mashine ya kuchonga ina mlio mmoja, inakukereketa meno. Nyundo yake na patasi vina mapigo, yanakwenda, yanasimama, anapuliza vumbi, yanakwenda. Zamani karakana nzima ilikuwa na sauti hiyo. Nakumbuka nikija na Baba Lusajo ilikuwa inasikika tangu barabarani, unajua Klemensi yuko hata kabla hujamwona.

Vidole vilimuuma. Hakusema, lakini kila baada ya muda alikuwa anavikunja na kuvikunjua kwenye maji ya vuguvugu aliyoletewa na Zuhura kwenye beseni. Nilimshikia ubao. Sihitajiki kushika ubao, kuna jiliwa la kuubana. Nikaushika tu.

Tukazungumza. Aliniuliza kwa nini mashine zisingeweza tu kuaminiana. Nikamwambia haziwezi kutofautisha aliyekufa na asiyesikika. Akachonga pezi zima la samaki. Halafu akasema, "Hata watu." Nikajifanya nasoma kioo.

Mwanzoni mwa mchana alisimulia habari ya mkewe. Mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa anauza vitumbua barabara ya Keko na anamcheka kwa kuongea na mbao. Jina lake lilikuwa Filomena. Nami nikamwambia habari ya Baba Lusajo na mistari inayoteremka kwenye kioo. Alicheka. Alisema yule bwana aliwahi kukaa palepale nilipokaa akatazama maranda yakianguka kutwa, asiseme neno, halafu akasema asante, akaenda zake.

Nimefurahi leo. Naona aibu, mali ya watu imeharibika kwa mkono wangu, na mie nimefurahi.

Jumanne, 23 Septemba

Nimerudi Keko kuhakikisha mambo. Hakukuwa na la kuhakikisha. Nimekaa kidogo nikaondoka kabla Zuhura hajaanza kunitazama kwa lile jicho lake.

Alhamisi, 25 Septemba

Wazee wa kanisa wamekuja kutoka Wazo, watatu na mama mmoja mweka hazina, viatu vina vumbi jeupe la saruji. Mabawa mawili yamesimamishwa ukutani. La kulia limechongwa na mashine, la kushoto na Klemensi. Nilikuwa nimejificha chumba cha mbele eti nakagua nyaya.

Waliangalia sana. Mzee mmoja akasema samaki wa kushoto wamenenepa kuliko wa kulia. Sele akatazama chini. Yule mama akasema mbona hata ziwani samaki hawalingani, na isitoshe hawa wa kushoto wanaonekana wametoka majini sasa hivi, hawa wengine kama wako kwenye friji. Wakacheka, wakabishana wao kwa wao, mwisho wakakubali na kuuliza siku ya kufunga milango. Mzee wa samaki wanene aliondoka bado anatikisa kichwa.

Nikapumua. Zuhura kanikumbatia kwa nguvu mpaka miwani imenitoka.

Baadaye nimefanya jaribio la mwisho mbele yao wote. Nikachomoa waya wa katikati makusudi. Upande wa nyuma ukajifunga palepale, mashine ya Sele ikatoa ujumbe kwamba haioni michoro, ikakataa kuanza. Upande wa mbele, alipo Bibi, ukaendelea kama kawaida. Nikarudisha waya. Zikaulizana, zikapeana yaliyokosekana, zikawa kitu kimoja tena. Nikamwambia Sele ikimtokea hivyo akague waya, asinitafute mie.

Klemensi aliniongoza mpaka nje.

"Kwa hiyo sasa haizimi tena."

"Haizimi tena."

"Hata kidogo?"

"Labda zife zote kwa pamoja. Haiwezekani kirahisi."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema vizuri, vizuri sana. Akaangalia mikono yake, akasema ngoja akanawe. Nilisubiri kidogo pale nje, hakutoka tena. Mteja alikuwa amemshika ndani kwa habari ya kitanda. Nikaondoka.

Ijumaa, 26 Septemba

Hakuna simu. Nimefagia duka. Nimepanga bisibisi kwa ukubwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Hakuna simu.

Kutoka hapa mezani naweza kuingia kwenye mashine zao kupitia mtandao na kuziuliza hali. Nimeziuliza. Mbele iko salama. Nyuma iko salama. Shahidi yuko salama. Nimeziuliza tena baada ya chakula, na tena alasiri, kama mama aliyepeleka mtoto bweni.

Ukweli wote uandikwe. Ningeweza kuziangusha zote tatu kutoka hapa. Amri fupi tu. Simu ingelia, ningebeba begi. Niliiandika ile amri kwenye kioo. Nikaitazama. Nikaifuta, nikazima laptopu, nikaenda kulala na hasira zangu. Karakana ya watu haiwezi kusimama kwa sababu mie mpweke. Nimeliandika hilo neno. Haya.

Jumapili, 28 Septemba

Nilitoka kanisani mapema, nikavua kilemba, nikawasha jiko. Ndizi za Tukuyu alizoniletea shangazi, nilikuwa nimezimenya chache tu. Siku hizi napika kidogo maana kiporo kinanichosha.

Simu ikalia ndizi zimeanza kuchemka. Klemensi. Nikajikuta nimeshashika begi kabla sijapokea.

Nikamuuliza ni mashine ipi.

Akasema leo Jumapili, karakana imefungwa.

Nikauliza sasa kimeharibika nini.

"Hamna," akasema. Akakohoa. Nilisikia pikipiki kwake zinapita, na muuza maji, na kengele ya kanisa ileile niliyoisikia mie dirishani. Akaniambia kwamba tangu siku zote hizo hajawahi kufika kwangu isipokuwa ile siku ya msiba, na mtaa umebadilika, maghorofa yameota, haitambui nyumba. Amesimama kwenye kona ya duka la dawa. Kama nina kazi anarudi tu, hakuna shida.

Nikamwambia asimame hapohapo. Akauliza kama nimeshakula. Nikasema bado.

Nikaweka begi chini. Nikavaa kilemba tena, nikakivua, nikakivaa. Kabla sijatoka nikamenya ndizi nyingine nikaziongeza kwenye sufuria.